Vidole vya Fundi wa Taa

Fundi wa taa wa ukumbi wa maigizo Kitale hupangusa vidole kwenye suruali kabla ya kupunguza mwanga. Kwenye mtambo wa taa wa zamani aliteremsha vishikio vya mwanga kwa vidole, taratibu, akipumua pamoja na mwigizaji. Mtambo ulipokufa, yeye na msimamizi wa ukumbi walienda Bungoma kutafuta mwingine. Wa vishikio ulikuwepo dukani.

"Mzee, si ni wewe utautumia? Chagua," msimamizi alimwambia.

Fundi akaona haya kuonekana wa zamani, akaonyesha wenye kioo cha kugusa. "Huu ndio wa siku hizi, bana."

Kioo hupunguza mwanga chenyewe, hakimngoji mtu. Jana alikigusa mara moja tu, na yule mama wa kwenye mchezo akafunikwa na giza kabla hajakata roho. Watu wakapiga makofi. Fundi alikuwa bado anateremsha vidole juu ya mbao tupu za meza, pale vishikio vilipokuwa, taratibu, mpaka mama akamaliza kufa.