Wimbo Alioujua Mtoto wa Wengine

Mke wangu alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, binti yetu alikuwa bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Nyeri, upande wa barabara inayoteremka kwenda Mto Chania. Mimi nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi, na mke wangu alikuwa akisuka nywele kwenye baraza la duka la jirani. Hatukuwa tukilala njaa. Lakini kila tulipojaribu kuweka kitu kando, kodi ilipanda au mtoto aliugua kifua, nasi tukaanza upya.

Wazo la kwenda lilikuwa lake. Alikuwa akimenya viazi na hakuinua macho.

"Niende miaka mbili tu," alisema. "Tununue kaploti, tujenge. Sitaki huyu mtoto akulie kwa nyumba ya kupanga kama sisi."

"Na nani atamlea?"

"Si wewe uko?"

Kabla hajaondoka tulikubaliana kwamba pesa atakazotuma zisiguswe. Zote ziende kwenye ploti na nyumba. Mimi na mtoto tungeishi kwa mshahara wa duka, hata ukiwa mdogo namna gani. Asubuhi ya safari alimvisha mtoto sweta, akamfunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Kisha akapanda gari la Nairobi bila kugeuka nyuma. Baadaye aliniambia kwamba angegeuka hangeenda.

Watu hudhani kuishi kwa pesa kidogo ni huzuni tupu. Sisi miaka ile tuliishi vizuri, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Nilijifunza mambo ambayo hakuna mwanamume wa rika langu angenifundisha. Asubuhi nilikuwa nikichemsha githeri, mahindi na maharagwe, kwa muda mfupi tu, kisha naiweka sufuria ndani ya kikapu nilichokijaza matambara, naifunika kwa blanketi kuukuu. Tukirudi jioni imeiva yenyewe na bado ina moto, na makaa yamebaki ya chai. Mwenye nyumba aliniruhusu kuweka magunia ya udongo nyuma ya choo cha ua, nikapanda mboga za sukuma na terere, zikatoka nyingi hadi tukawa tunawapa majirani. Mwuza nyama aliniwekea mifupa, na supu yake ilimtoa mtoto kile kikohozi kilichokuwa kimemganda.

Mzee mwenye duka naye alinipa vipande vya mwisho vya vitambaa, vile vifupi visivyouzika. Nilimshonea binti yangu nguo kwa mkono. Mwalimu wake aliniuliza fundi wetu yuko wapi, nikacheka. Kusuka nywele ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu. Mistari yangu ya kwanza ilipinda kama barabara ya Othaya, lakini mtoto alikwenda nayo shule hivyo hivyo, kichwa juu.

Jumamosi mchana, nikitoka kazini, tulikuwa tukiteremka mtoni na chupa ya chai na nduma za kuchemsha. Tulikaa kwenye jiwe, tukala polepole, akanisimulia habari za darasani, nani amepigana na nani. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa najua ilikuwa furaha iliyomkosa mtu wa tatu.

Mtoto alizoea maisha yetu hadi akawa ndiye mwangalizi. "Baba, ati umewasha taa na bado kuna jua?" Chupa ya mafuta ikikaribia kuisha aliisimamisha kichwa chini juu ya kikombe, akaiacha hapo itoe tone la mwisho. Sikumfundisha. Aliona tu.

Mama yake alipiga simu siku za Ijumaa, mwajiri wake akimruhusu. Mwanzo mtoto aliing'ang'ania simu, akaibusu hadi kioo kikalowa. Miaka miwili ilipokwisha, ploti tulikuwa nayo, lakini nyumba tuliyokuwa tukijenga ilikuwa imefika kwenye madirisha tu. Mke wangu akasema aongeze kidogo, paa lipande. Kisha akaongeza tena. Huku kwetu mtoto aling'oka meno, yakaota mengine, akajua kusoma. Simu ikilia nilimwita, "Njoo umsalimie mama." Alikuja, akasema, "Habari," akajibu alichoulizwa, akarudi nje kuruka kamba.

Siku mama yake aliporudi tulikwenda uwanja wa ndege tumevaa nguo za kanisani. Nilimwona mke wangu akitoka, amekonda na ngozi yake imekuwa nyeupe kidogo kama ya mtu asiyetoka nje. Aliacha mizigo palepale, akapiga magoti, akafungua mikono. Binti yetu alitembea hadi alipo, akasimama, akampa mkono. Alimsalimu kwa adabu kabisa, kama nilivyomfundisha kuwasalimu watu wazima.

Nyumbani alimpikia mama yake chai, akammiminia kwenye kikombe cha maua, kile tulichowatolea wageni. Kisha akanifuata kwenye mfereji uani, akauliza kwa sauti aliyodhani ni ndogo:

"Baba, mama atakaa siku ngapi?"

Dirisha lilikuwa wazi. Sauti ya kijiko kilichokuwa kikikoroga chai mle ndani ilinyamaza.

Kesho yake mke wangu alinunua nyama, mchele na mafuta, akapika kama anayepikia harusi. Alitaka mtoto ashibe mapenzi ya miaka ile yote kwa sahani moja. Binti yetu alikula kidogo, akashukuru, akachukua bakuli na kuanza kuigawa nyama iliyobaki.

"Hii ni ya kesho," alisema. "Na hii ni ya keshokutwa."

"Wacha, mama. Kula yote, ni yako," mke wangu alimwambia.

"Niko sawa. Nimeshiba."

Mke wangu alitoka, akasimama kwenye magunia ya sukuma akijifanya kuchuma. Nilipomfuata mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mmekaa vizuri," aliniambia. "Nilikuwa huko nikifikiria mnateseka. Kila nikikula nilikuwa nashindwa kumeza. Kumbe mmekaa vizuri."

Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu. Nadhani hata yeye hakujua.

Alijaribu kila njia. Alimsuka mtoto mistari iliyonyooka ambayo mimi nisingeiweza hata nikafundishwa tena. Mtoto alitulia, akasema asante, na jioni akanijia akitaka nimfungulie nywele kwa sababu zimebana sana. Niliona uso wa mke wangu. Nikamwambia mtoto avumilie, na akavumilia.

Halafu ikaja alasiri ile ya simu. Nilikuwa nyumbani kwa sababu duka lilikuwa limefungwa kwa sikukuu ya wenye duka. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, simu mbele ya uso wake, akimwimbia mtu kwa Kikuyu wimbo wa kubembeleza mtoto, ule ambao mama yake mwenyewe alimwimbia. Kwenye kioo kulikuwa na mvulana mdogo wa Kiarabu, macho mekundu kwa kulia. Mke wangu alikuwa amemlea tangu alipozaliwa. Midomo yake midogo ilikuwa ikifuata maneno, na hakukosea.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliiweka chini, akangoja hadi simu ikakatwa.

"Huyo ni nani?"

"Ni mtoto nilikuwa namlea," mke wangu alisema. "Amekataa kulala."

"Anajua Kikuyu?"

"Wimbo tu. Nilimfundisha."

Binti yetu alifikiri kidogo. "Mimi siujui huo," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. Kisha akaichukua ndoo, akaenda kumwagilia mboga.

Mke wangu alilala kitandani akiangalia ukuta. Nilikaa karibu naye, nikamshika mguu. Alikuwa amemwimbia yule mvulana kila siku, aliniambia, kwa sababu alipofumba macho aliona anamwimbia wa kwake. Ndivyo alivyoweza kukaa. Mwishoni hakuhitaji tena kufumba macho.

Nyumba ilikwisha mwaka uliofuata. Iko nje kidogo ya Naromoru, vyumba viwili na jiko, mabati ya kijani, na asubuhi isiyo na mawingu mlima unakaa mlangoni kabisa. Kuna nafasi ya kuku na ya viazi. Tulihama na magunia yetu. Mimi niliacha duka, sasa nashona sare za shule, na mke wangu anauza nguo za mitumba sokoni. Hatudaiwi kodi na mtu. Kila tulichokiomba tulikipata.

Muda si mrefu baada ya kuhama, mwajiri wake wa zamani alimtumia ujumbe. Alimwomba asipige simu tena, kwa sababu mtoto akimwona humkataa mfanyakazi mpya na kulia kutwa nzima. Ujumbe ulikuwa wa upole. Mke wangu aliniambia habari hiyo tukipalilia.

"Wako na haki," alisema. "Hata mimi ningesema hivyo." Akaendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari, akaketi chini kwenye udongo mbichi, akalia kwa sauti. Ndiyo mara pekee nimemsikia akilia hivyo. Binti yetu alichungulia dirishani, kisha akanitazama mimi, akitaka kujua la kufanya. Nikampungia mkono aende kwa mama yake. Alikwenda, akasimama karibu naye. Hakumgusa, lakini hakuondoka.

Siku hizi anamwita Mama bila kusita. Wanakwenda sokoni pamoja, na huwa nawasikia wakibishana bei ya nyanya njia nzima. Lakini akiota vibaya, au akijikata kidole, jina linalomtoka ni langu.

Jioni, mtoto akiwa anasoma chumba cha pili, mke wangu huniuliza habari za miaka ile. Huuliza kidogo kidogo, na husikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za marehemu. Juzi alitaka kujua kuhusu jino la kwanza kung'oka.

"Alilia?"

"Alilia. Aliona damu."

"Aliita nani?"

Aliniita mimi. Alikimbia kutoka uani hadi kitandani, jino kiganjani, akiniita.

"Alikuita wewe," nilisema.

Mke wangu alinitazama kwa muda. Kisha akasema chai imepoa, akachukua vikombe, akaenda kuipasha moto.