Bibi Lan Afunga Mlango Malvern

Niliondoka Nakuru kwa sababu moja tu: binti yangu Wambui alikuwa anaolewa Toronto, na mimi sikukubali kusimuliwa harusi ya mwanangu kwa simu. Nilibeba majani ya chai, leso mpya na koti zito la kuazima.

Uwanja wa ndege nilipokewa na Wambui na mchumba wake Kenta, kijana Mjapani mpole. "Karibu, Mama," akasema huku akiinama hadi nikacheka. Tulipofika Malvern, mtaa wanamoishi, Wambui alinivuta kando.

"Sijui kama shosho Lan atakuja, Mama."

Bibi Lan, ambaye Wambui humwita shosho kama nyanya yake, ni jirani yake, Mchina aliyevuka miaka tisini. Wambui alipofika huku akiwa mwanafunzi mpweke, ndiye aliyemlisha supu majira yote ya baridi. Lakini tangu asikie jina la Kenta, harusi alikuwa haitaji.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea chai. Nimefundisha historia maisha yangu yote. Nimechora ubaoni ramani ya Japani ikiivamia China, Manchuria kwanza, kisha miji ya pwani, lakini sikuwahi kuketi na mtu aliyeishi ndani ya ramani ile.

"Nilikuwa mtoto," Bibi Lan akaniambia. "Askari wa Japani walivunja mlango wetu kwa mateke, wakamchukua baba. Mama alinibeba mgongoni, tukakimbilia magharibi na umati wa watu. Baba hatukumwona tena."

"Na Kenta?"

"Kenta hakuwepo. Kichwa changu kinajua. Miguu ndiyo haitaki."

Sikumsihi. Nilimsimulia tu desturi yetu: akina mama wa upande wa bibi harusi hufunga mlango, na bwana harusi na watu wake huimba na kubembeleza mpaka wafunguliwe.

Macho yakamng'aa. "Hata kwetu tunafunga! Nani atausimamia?"

"Sijapata mtu," nikajibu.

Jumamosi ya harusi, sebule ya Wambui ilijaa Wakenya wa kanisani kwake. Bibi Lan alikuja amevaa gauni jekundu, nikamfunga leso kiunoni, akashika kitasa. Nje, Kenta, mama yake na marafiki waliimba wimbo wa Kikuyu kwa lafudhi iliyotuvunja mbavu. Kisha Kenta akasukuma mlango.

"Usisukume!" Bibi Lan akapaza sauti. "Wale hawakubisha. Wewe bisha."

Wambui akanishika mkono. Tukasikia hodi ndogo, ya woga.

"Ni mimi, Kenta. Naomba kuingia, Nyanya. Ukikataa, nitangoja hapa."

Bibi Lan aliegemeza paji la uso mlangoni. Halafu: "Bisha tena! Kwa nguvu, mimi ni kiziwi!"

Vigelegele vilitikisa madirisha. Alifungua, akamvuta Kenta ndani kwa tai. Mama Kenta aliinama mbele yake akilia, asiinuke. Bibi Lan alimwinua kwa mikono miwili, akampeleka mezani, akamwekea chapati zangu na mukimo wetu wa viazi na mahindi, chakula cha kushibisha watu watatu. Tulicheza mpaka goti langu likagoma.

Siku ya kurudi, Kenta alitupeleka uwanja wa ndege, Bibi Lan kiti cha mbele, akimkaripia kwenye kila kona. Nilichojifunza Toronto sikukipata darasani: mtu anaweza kuomboleza na kusherehekea kwa moyo uleule, bila kimoja kukidanganya kingine.

"Bado namlilia baba," Bibi Lan aliniambia tukiagana. "Na zile chapati, ukija tena unifundishe."