Ndoo Yenye Kiraka cha Kandambili

Kabichi iliyochemshwa bila chumvi inanuka soksi, na Klara alikuwa anaila kwa siku ya ishirini na tatu. Ishirini na tatu, jamani! Kakaa jikoni kwake hapo Lushoto mjini, ukungu umefika mpaka mlangoni, masweta mawili mwilini, anatafuna huku kafumba macho kama mtoto anayemezeshwa dawa ya minyoo. Akimaliza anashushia vijiko viwili vya siki kwenye maji moto, na kitunguu saumu kilichopondwa. Halafu anacheua. Na kile cha kucheua ndo kibaya kuliko cha kumeza, maana kinarudi na habari zake zote.

Sasa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mpishi wa hosteli, mwanamke anayekaanga viazi mpaka majirani wanakumbuka ghafla kuja kumsalimia, anajitesa hivyo kwa nini?

Kwa sababu ya shamba la plamu. Liko kule Kwai, juu mlimani, miti arobaini na moja, aliipanda yeye na marehemu mume wake, Tobia. Bodaboda inaishia darajani. Kuanzia hapo ni miguu, saa nzima, na mlima wenyewe umesimama kama ukuta. Mwaka jana Klara alifika nusu tu, magoti yakagoma, akashushwa kwa kushikwa mikono huku na huku kama bibi harusi, watoto wa shule wanaangalia. Shemeji yake Fanueli, mdogo wake Tobia, hakulaza damu. Akapeleka suala la shamba kwenye kikao cha ukoo, na kikao kikaamua: miti inapogolewa mwezi wa saba. Mwaka huu Klara akipanda mwenyewe akapogoa, shamba linabaki lake. Akishindwa, analichukua Fanueli.

Nesi naye akamalizia: "Mama, punguza mwili. Hayo magoti yanabeba watu wawili."

Ndo akajiunga na kikundi cha kupungua cha Kibibi, yule binti mwenye saluni karibu na soko. Wanawake kumi na wanne, kundi la WhatsApp, kila unachokula unapiga picha unatuma. Jumamosi mnapimwa. Na mnapimwa wapi? Kwenye mizani ya viazi, stoo kwa Hadija mfanyabiashara wa mboga, yule jirani yake Klara. Unapanda pale penye udongo wa viazi vya Lukozi, pembeni yako magunia yanasubiri gari la Tanga, na Hadija anasoma kilo kwa sauti ya mnada.

"Mia na nne!" alisoma siku ya kwanza. "We Klara, hili si gunia, hii ni lumbesa, imejazwa mpaka imepita kipimo! Serikali imekataza lumbesa!"

"Nisomee kilo, shoga, sikukuomba sheria."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakalia karoti za watu.

Kabichi Klara aliimudu. Siki aliimudu, ingawa kila akifungua ile chupa ya Kibibi harufu ilimpiga puani, sijui kuna nini humo, siki gani inanuka kama kona ya nyuma ya kabati. Kilichomuuma ni waini. Maana Klara anatengeneza waini ya plamu mwenyewe, kwenye ndoo, kila Januari, na kila Jumapili jioni anakaa barazani na bilauri moja. Moja tu. Ilikuwa desturi yake na Tobia. Tobia alikuwa anaonja, anafunga jicho moja, anasema, "Mke wangu, tumekula mlima leo." Raha yote ya wiki ilikuwa kwenye hiyo bilauri. Na Kibibi kaipiga marufuku.

"Shikamoo mama Lulu," Kibibi alimwambia Klara siku ile, kwa jina la mwanawe na adabu zote. "Bilauri moja ya waini ni sawa na chapati mbili. Unakunywa chapati, mama."

"Marahaba mwanangu. Basi ntaacha."

Hakuacha. Alimimina waini kwenye kikombe cha bati, akapiga picha kwa juu, akatuma kundini: chai ya rangi, bila sukari. Kibibi akajibu kwa makofi matano na moyo. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Lakini haikuwa na raha tena. Waini ya kujificha ni kama nyama ya wizi, unameza haraka unaangalia mlango, na juu yake unacheua ile siki. Alijichukia kwa kweli. Aliangalia kikombe, akaangalia picha ya Tobia ukutani, akaona hata Tobia kageuza uso kidogo.

Jumamosi ya wiki ya tano wakapimia saluni, mizani ikabebwa kule maana stoo ilijaa. Kilo tisini na saba! Klara mwenyewe hakuamini, akashuka akapanda tena.

"Siki hiyo!" Kibibi akapiga kigelegele. "Siki yangu haikosei! Mama Lulu, hebu ingia nyuma ujichotee chupa nyingine, ya zawadi."

Akaingia chumba cha nyuma. Mabeseni, mawigi yamening'inia, na pembeni, ndoo nyeupe yenye mfuniko. Kwenye mfuniko kuna ufa, na ufa umezibwa kwa plastiki nyekundu ya kandambili iliyoyeyushwa.

Klara akaganda. Hiyo kandambili ilikuwa yake. Aliiyeyusha kwa mkono wake mwezi wa tatu, baada ya...

Mama yangu wee.

Baada ya panya. Mfuniko ulipasuka, panya akaingia kwenye ndoo ya tatu ya waini, akafia humo. Klara alimkuta kavimba, manyoya yamebaki yanaelea juu, mkia umelegea kama kamba ya kiatu. Alimtoa kwa upawa. Waini yenyewe ilishachacha, kali kama siki. Alikuwa anaenda kuimwaga, ndo Kibibi akapita akitafuta kitu kikali cha kusugulia masinki ya saluni. "Imekuwaje hii, mama?" "Imechacha tu, mwanangu, chukua na ndoo yake." Imechacha tu! Aibu ilimzuia kutaja panya. Mtu atakubali vipi kuonekana waini yake inaogelewa na panya? Akaziba ufa isimwagike njiani, akampa, akasahau. Na Kibibi, kuona jinsi ilivyo kali, akaona biashara.

Wiki tano. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Mate yakajaa mdomoni, yale ya maji maji yanayotangulia kutapika. Akashika ukuta. Huko nje wanawake wanacheka, na mmoja anasema yeye siku hizi anaongeza cha tatu, anaona tumbo linasinyaa vizuri.

Angeweza kunyamaza. Alishanyamaza mara moja. Lakini kile cha kucheua kikapanda kikamfika hapa, na safari hii alijua jina lake.

Akatoka. "Msinywe tena hiyo siki."

"Kwa nini, mama Lulu?"

"Ilikuwa waini yangu. Panya alifia humo. Nilimtoa mimi."

 Halafu, jamani! Mmoja akakimbilia sinki, wa pili akamkuta keshaliinamia, wa tatu akatumia beseni la kuoshea nywele. Kibibi kasimama na chupa mkononi, anaigeuza geuza.

"Mama... ulisema imechacha tu!"

"Nilikuficha, mwanangu. Na wewe ulisema unasugulia masinki."

 Hadija peke yake, ambaye hakunywa hata tone kwa vile yeye ni wa kusoma kilo tu, alikaa chini akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Kumbe lumbesa zote mmepunguzwa na panya! Mimi nilishangaa!"

Kundi likafa siku ile ile. Habari ikapanda milima yote kabla ya jua kuzama.

Jumatatu Klara akashuka darajani, msumeno kwenye kikapu, na chupa ndogo ya waini, ya ndoo ya kwanza, safi, kwa ajili ya Tobia, pamoja na bilauri yake. Akapanda. Alipumzika mara sita. Pale penye jiwe aliposhindwa mwaka jana, magoti yalilia, akayatukana kwa Kishambaa, akapita. Kote huko hakuweka kitu tumboni, kila alichofikiria kula kilikuwa na mkia.

Fanueli alikuwa keshafika, kakaa kwenye kisiki, kaegemea mti wa plamu, panga mapajani.

"Onga mshi, shemeji," alimsalimia kwa Kishambaa. "Umefika kweli."

"Nimefika."

"Mbona rangi imekubadilika hivyo? Unaumwa? Mgonjwa si wa kupogoa, shemeji, tusije tukakushusha kwa machela. Ukoo utanilaumu mimi."

Klara akaelewa. Akitapika hapa, shamba limeenda. Akatoa chupa, akamimina kwenye bilauri ya Tobia. "Karibu basi tunywe, kwa ajili ya kaka yako."

Fanueli akainamia bilauri, akanusa, akarudi nyuma. "Hii siyo ile ya...?"

"Ni dada yake."

"Mimi tumbo langu leo, shemeji, halipo sawa."

"Kumbe mgonjwa ni wewe."

Akainua bilauri. Harufu ya plamu ikaja, na nyuma yake ikaja ile nyingine, ya kona ya kabati, ingawa haikuwemo. Manyoya. Mkia. Mate yakajaa. Fanueli kakodoa macho anasubiri. Klara akanywa yote, mpaka chini. Ikafika kooni, ikasimama, ikataka kugeuka. Akaimeza tena. Machozi yakamtoka, midomo kaibana, akahesabu miti kwa macho mpaka wa arobaini na moja.

Ikakaa.

Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akatema pembeni, akachukua msumeno.

"Ondoka kwenye hicho kisiki, shemeji," alisema. "Naanza na huu uliouegemea."