Mashine Iliyokunja Mpunga

Kabla mto wetu haujafurika, huanza kunuka. Ni harufu ya udongo mbichi na mizizi iliyong'olewa, inayoshuka kutoka milimani siku ambayo huku chini jua linawaka kama kawaida. Msimu ule wa mavuno, nikiwa darasa la tano, ilichanganyika na harufu ya petroli, na mpaka leo zikikutana puani mwili hunisisimka. Shamba letu la mpunga lilikuwa bondeni, chini ya kijiji cha Maliba, karibu kabisa na ukingo wa mto. Mpunga ulikuwa umeiva wote. Mto ungeuwahi kabla yetu, tungekula mihogo mwaka mzima, na mimi shule ningeiaga.

Miaka yote majirani walivuniana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na mundu wake. Msimu huo Baba aliwaambia wasije. Alikuwa amenunua mjini Bwera mashine ya kuvunia, mtumba, ya kusukuma kwa mikono, yenye injini ndogo na safu ya visu mbele, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo nilivyoona kwa wivu wangu. Mwanzoni ilikata vizuri. Kisha ikaanza kutafuna. Ilipita ikiacha mabua yamelala, yamechanika, punje zimepukutika matopeni. Baba akafanya kile ambacho kwetu mtu hujifunza mara tu anaposhika panga: akachukua tupa, akanoa. Ikakata vibaya zaidi. Akanoa tena, juu na chini ya kila kisu, mpaka vikang'aa. Kila jioni tupa ililia uani, na kwa mbali tulisikia mawe yakigongana mtoni, yakisukumwa na maji yaliyokuwa yakiongezeka. Hakuna aliyeyataja hayo mawe.

Mama alizaliwa Beni, upande wa Kongo, na kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Asubuhi moja aliokota bua nyuma ya mashine, akalitazama kwa muda.

"Papa Masika," alisema, "hii mashine haiko inakata, iko inakunja. Ni sawa na makasi yangu, vis yake, ile skrubu ya katikati, ikilegea. Kitambaa inaingia katikati, inajikunja tu. Hata unoe namna gani, ni bure."

"Makasi ni ya nguo," Baba akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe angalia nguo yako."

"Basi niite watu ya mundu?"

"Waje kunicheka?"

Nilimchukia Baba siku ile, nasema wazi. Alinoa mpaka jua likazama.

Kesho yake kilele cha mlima hakikuonekana, na ile harufu iliingia mpaka ndani ya nyumba. Baba alichuchumaa mbele ya mashine, akapitisha bua kati ya kisu cha juu na cha chini. Likateleza huku na huku bila kubanwa. Tupa yake ndiyo iliyokuwa imevila visu vya juu, ambavyo hucheza kushoto na kulia, hata vikawa havigusani na vile vya chini vilivyotulia. Alimpa Mama spana, yeye akavigandamiza, Mama akakaza bolti. Injini ilipowaka, mabua yalianguka upande mmoja, yamekatwa safi. Nilicheka kwa furaha huku nikikusanya matita. Baba naye alicheka. Tulifika mwisho wa shamba, akazima injini ili aigeuze, na hapo ndipo tuliposikia kile ambacho mngurumo wake ulikuwa umekificha.

"Masika, panda juu," Mama aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. Baba alikuwa bado anaivuta mashine. Mama alimshika shati akamburuta mpaka likachanika mgongoni. Kutoka juu ya kilima tuliyaona maji ya rangi ya chai yakibeba tulichokata na ambacho hatukukata.

Nilirudi shule baada ya mwaka kupita, nikakaa na watoto wadogo kuliko mimi. Majirani wamehamia mashamba ya mteremkoni, na Baba, mzee sasa, huenda zamu na mundu wake kama wengine. Kitu chochote kikiharibika nyumbani, hata redio, humwita Mama kwanza. "Wewe unaonaje?" humuuliza kwa upole, kisha husubiri. Mama humjibu. Bondeni kule kumejaa mawe makubwa, na hakuna anayelima.