Mita za Pikipiki Sebuleni Kwetu

Nyumba yetu ya Tunduma ilinuka rangi ya kucha. Si kwamba kulikuwa na mtu mle ndani mwenye nafasi ya kupaka kucha. Mama alikuwa mshonaji, kucha zake zilikuwa fupi na vidole vimetobolewa na sindano, na Dada Tumaini alikuwa mtu wa jembe na ndoo kama sisi sote. Rangi ile nyekundu ilikuwa ya mishale ya mita za pikipiki. Ilichanganyika na harufu ya mafuta ya taa, dawa ya meno ya kung'arishia vioo, na maharage yaliyokuwa yakichemka nyuma ya pazia, kiasi kwamba mpaka leo nikipita karibu na saluni nasikia njaa. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, mkoa wetu ukiwa bado Mbeya na Songwe likiwa jina la mto tu. Kahawa ilikuwa imeachiwa watu binafsi, wanunuzi walikuwa wanapita mashambani na magunia yao, na kila kijana wa vijiji vya kahawa kama Ihanda aliyeuza magunia mawili alijiona hawezi tena kutembea kwa miguu.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye karakana moja huko Vwawa. Huko alikuwa mtunza stoo, mtu wa kufungua na kufunga kufuli, lakini tulipohamia Tunduma alishuka kwenye lori akiwa tayari fundi. Alichagua ufundi wa mita kwa sababu, nadhani, ndiyo sehemu pekee ya pikipiki unayoweza kuitengeneza ukiwa umekaa kwenye kochi. Injini zilimtisha. Mita zilimpendeza. Alizipata kupitia dalali wake, mtu wa Nakonde tuliyemwita Ba Chanda, ambaye alizunguka pande zote mbili za mpaka akikusanya mita zilizokufa na kuzirudisha kwa wenyewe zikiwa zimefufuka. Wenyewe hawakuijua nyumba yetu, na Ba Chanda alihakikisha hawaijui, maana wangeijua wasingemhitaji. Zilikuja zimefungwa kwenye gazeti kama samaki: za pikipiki za Kiingereza zilizoachwa na wazungu zamani, za Kijapani zilizokwisha kupita mikono ya wachungaji, mabwana shamba na walevi. Vioo vilikuwa vimekuwa vya njano, namba zimefutika kwa jua, mishale imekatika au imelala chini haitaki kuamka.

Kazi yenyewe ilifanyika kwenye meza yetu ya chakula, juu ya kitambaa alichokifuma Mama kwa ajili ya wageni. Baba aliifungua pete ya bati kwa bisibisi, taratibu, akiizungusha na kuiinua kidogo kidogo isipasuke, huku ametoa ulimi nje. Akitoa kioo alimpa mtu akisugue kwa dawa ya meno, na mtu huyo alikuwa mimi. Vigurudumu vya ndani alivitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ya taa, bakuli ambalo Mama alikuwa akilitafuta wiki nzima. Hapo ufundi wa Baba ulikuwa umefika mwisho. Mikono yake ilitetemeka, na sura ya mita, pale penye namba, inataka mkono usiotetemeka. Kwa hiyo sura zote alipaka Dada Tumaini, kwa brashi aliyoitengeneza mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa ndama na njiti ya ufagio. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakupata nafasi ya kuendelea, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu wake. Alichora namba nyeupe juu ya rangi nyeusi, moja moja, akizuia pumzi. Ba Chanda akija kuchukua mzigo aliinua mita kwenye mwanga na kusema, "Bwino sana, mukwai, safi sana bwana, mkono wako hauzeeki," na Baba alijibu, "Ni uzoefu." Dada alikuwa amesimama palepale, ana rangi mpaka kwenye nyusi.

Sijaona upuuzi uliozidi siku za majaribio. Baba alifunga waya wa mita kwenye gurudumu la cherehani ya Mama, halafu akamwamuru akanyage. Mama aliacha sare ya shule ya mtoto wa watu na kuanza kukanyaga, mshale ukaanza kupanda: arobaini, sitini, themanini. Wanaume wa jirani walikuwa wakija kutazama. Walijaa mlangoni na kuinama, mikono magotini, wakisema, "Ongeza, mama, ongeza," na mshale ukigusa mia walipigiana viganja kama waliofika mahali. Pikipiki yenyewe muda huo imelala Ihanda chini ya mkaratusi, kuku wanataga kwenye kiti chake. Hakuna aliyeuliza kama ina breki. Mita za maili Baba aliziona ni usumbufu mdogo tu: alimwambia Dada afute neno maili aandike kilomita, namba zibaki zilivyo. Sijui ni wangapi walioteremka mlima wa Ileje wakiamini wanatembea taratibu.

Lakini pesa ya Baba haikutoka kwenye mshale. Ilitoka kwenye zile namba ndogo za chini, zinazohesabu umbali ambao pikipiki imetembea tangu kuzaliwa. Siku hizi watu wana jina lake, wanasema kuchakachua. Baba aliita kupumzisha. Mteja alitaka pikipiki yake ipumzishwe, na Baba aliirudisha karibu na sifuri kwa ncha ya kibanio cha nywele. Na sababu kubwa ya kupumzisha ilikuwa posa. Ilikuwa imeingia desturi kwetu, sijui nani aliileta, kwamba ujumbe wa posa ukifika kwa pikipiki, baba wadogo na wajomba wa binti watoke kwanza nje waikague. Waliminya matairi, wakapiga tanki kwa kiungo cha kidole, kisha mkubwa wao aliinama kwenye mita na kutangaza kilomita. Zikiwa chache, huyo ni kijana wa maana, ana chombo kipya. Zikiwa nyingi, nyuso zilibadilika hata kabla ya salamu. Wazee waliokuwa wakiuliza ukoo, ugonjwa na tabia walikuwa wamegeuka wakaguzi wa namba, na namba zenyewe zilikuwa zimetoka mezani kwetu.

Mwishoni mwa msimu ule wa kahawa ikafika zamu ya nyumba yetu. Kijana mmoja wa Ihanda, mnunuzi mdogo wa kahawa, alikuwa amemwona Dada Tumaini kwenye mkutano wa kwaya njia ya Mbozi Mission, na akatuma mshenga. Dada alimjua kwa sura tu. Alisema hana la kumpinga na hana la kumsifia, ngoja aje aonekane. Mama alimuuliza kama anataka, na Dada alisema anataka mtu mkweli, hayo mengine yatajengwa. Nakumbuka Baba alicheka kwa sauti aliposikia hilo, akasema huyu mtoto anadai vitu vya ajabu.

Walikuja Jumamosi asubuhi, mshenga na wazee wawili kwa miguu kutoka stendi, na kijana mwenyewe juu ya pikipiki, mbuzi amefungwa nyuma yake. Alikuwa amevaa koti la suti na miwani ya jua ingawa kulikuwa na ukungu. Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, imepakwa rangi ya bluu mpaka kwenye boliti, na mshenga hakuwa amekaa vizuri kabla ya kutueleza kwamba chombo kimetoka dukani, hakijamaliza mwaka. Baba Mkubwa, kaka yake Baba aliyeshuka kutoka Ibaba kuongoza upande wetu, alitoka kukagua. Baba zangu wadogo wakamfuata. Aliinama, akasoma, akatangaza kwamba kweli, hii haijatembea kitu. Halafu akamwita Baba, maana mwenye fani alikuwapo. "Wewe ndiye mjuzi wa vitu hivi. Hebu tazama."

Nilikuwa nimesimama pembeni ya Baba nimeshika kamba ya mbuzi, kwa hiyo niliona alichoona. Aliinama. Akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu lilelile alilokuwa nalo mita ikirudi mezani imekauka vizuri, akafuta kioo kwa mkono wa shati lake na kusema, "Mita nzima kabisa." Wakaingia ndani. Nilibaki na mbuzi, nikasogea, nikatazama mwenyewe. Namba zilikuwa nyeupe, nyembamba, zimesimama wima, na kwenye mia moja sifuri ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko mwenzake kwa sababu nafasi ilimwishia mchoraji. Sura ile nilikuwa nimeiona ikichorwa. Ilikuja kutoka mikononi mwa Ba Chanda wakati wa palizi, naye alidai ni ya mchungaji mzee wa huko milimani. Ilipofika, namba zake za chini zilikuwa zimezunguka mpaka zikachoka.

Dada alipita nje kwenda kuchota maji ya wageni kunawa. Alipita karibu na pikipiki mara moja, akarudi, akasimama na jagi mkononi. Aliingia ndani, akanawisha wageni kwa heshima zote, akipiga goti kwa kila mzee, na mara mbili nilimwona akimtazama Baba. Baba alikuwa akitazama dari. Walikula ugali na kuku, wakasifu kuku, na Baba alicheka vichekesho vya mshenga kuliko vilivyostahili. Kwa kweli nilimchukia pale pale, kwa moyo wote wa mtoto, na nikiutafuta moyo ule leo naukuta upo hai.

Kwetu posa haifungwi na wazee peke yao. Binti huitwa mbele ya watu na kuulizwa kama anawafahamu wageni, na kama mikono ya nyumbani ipokee walichokuja nacho. Mara nyingi ni utaratibu tu. Binti huinamisha kichwa, hujibu kwa sauti isiyosikika, na watu hupiga vigelegele. Dada Tumaini aliitwa, akaja, akapiga goti kwenye mkeka. Baba Mkubwa akamuuliza, "Mwanangu, hawa wageni unawafahamu?" Dada akamtazama tena Baba. Alisubiri kiasi kwamba mshenga alikohoa.

"Mgeni simfahamu, baba," alisema. "Mita yake ndiyo naifahamu. Niliipaka rangi mimi, kwenye meza hii hapa, na ilikuwa imetembea mpaka imechakaa. Msipokee."

Kijana alivua miwani, na bila miwani alionekana mdogo sana. Baba Mkubwa akamgeukia Baba, akamuuliza taratibu kama hiyo ni kazi ya nyumba hii. Na Baba yangu, fundi, mzazi, mtu wa kanisa, akasema, "Mita zinafanana, kaka. Mtoto amechanganya." Basi Mama, ambaye kwenye mambo ya posa hakuwa na nafasi ya kusema, alisimama kutoka kwenye cherehani na kusema mwanangu ameulizwa na amejibu. Alisema hivyo tu. Jibu la binti likishatoka halirudishwi, hilo kila mzee aliyekuwa mle ndani alilijua, hata waliokuwa bado na kuku mdomoni. Wageni walichukua mbuzi wao. Pikipiki ilikataa kuwaka, na mshenga akaisukuma kuelekea barabara kuu huku jirani zetu, walewale wa kupigiana viganja, wakitoa ushauri.

Ungedhani aibu ile ingeimaliza biashara. Iliikuza. Habari ilifika Nakonde na Vwawa kwamba yupo mtu Tunduma ambaye kazi yake ingewapita wazee wote kama si bintiye kuropoka, na watu wakaanza kuja wenyewe bila dalali. Baba aliwapokea kwa fahari. Kwa Dada hakufungua mdomo msimu mzima wa mvua, na Dada hakushika brashi tena. Baba alichora mwenyewe, namba zikawa kama nyayo za kuku matopeni, na wateja wakalipa hivyo hivyo. Miaka ya baadaye zilifurika pikipiki za Kichina ambazo ni rahisi kununua mita mpya kuliko kufungua ya zamani, na ufundi wa sebuleni ukafa bila mtu kuuzika.

Leo Tunduma malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji, na mita nyingi ni za taa zisizo na mshale. Nilipokwenda kutafuta gari lililotumika, dalali kijana alinionyesha namba kwanza, injini baadaye, na wanaume wazima walikuwa wameinama dirishani, mikono magotini. Hawajaendelea hata hatua moja. Wamebadilishiwa tu kioo. Baba yuko Vwawa, amezeeka, anaishi kwa Dada Tumaini, ambaye baadaye aliolewa na mtu anayemtosha na ana duka lake la vitambaa. Dada ndiye anayemlisha, anamfulia, anampeleka kanisani. Na Baba, akipata wageni, huwasimulia habari ya tapeli wa Ihanda: jinsi alivyoinama kwenye pikipiki, akaitambua mita kwa jicho moja, na kumwokoa mwanawe palepale mbele ya wazee. Ameisimulia mara nyingi hadi amejifunza kuweka machozi mahali pake.

Niliwahi kuikuta hadithi hiyo katikati, Krismasi, sebule imejaa wageni wa kanisani, na nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nimsute. Mama mmoja akamgeukia Dada, aliyekuwa akimimina chai, akamuuliza kama ni kweli baba yake aliiona ile mita. Dada aliweka birika chini. "Ni kweli," alisema. "Baba aliiona kabla yangu." Wageni wakatikisa vichwa, wakasema Mungu ambariki mzee. Baba akainama kwenye kikombe chake, na hakuimalizia hadithi.