Marashi ya Mama Mbu

Kazini kwetu tulimwita Mama Mbu, wala hakukasirika. Alifuga mbu kwenye chumba cha joto nyuma ya maabara, akawalisha na kuwapenda kuliko alivyotupenda baadhi yetu. Mimi nilikuwa naye meza moja, na nasema wazi: alikuwa mkali. Siku niliyokuja nimeoga sabuni ya kunukia alinirudisha nyumbani. "Kaoge upya," aliniambia. "Utaniharibia mbu wangu."

Alikuwa ametengeneza dawa ya kupaka inayofukuza mbu, na ujana wake mwingi uliishia humo. Siku ninayoisimulia, jopo la wakaguzi lilikuja kuamua: ama dawa ipelekwe kujaribiwa majumbani, ama chumba chetu kigeuzwe stoo ya viti. Viti, jamani.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Kwanza unaingiza mkono mtupu kwenye sanduku la wavu lenye mbu wasio na ugonjwa, waliozaliwa humo humo maabara. Wakikuuma, ujue wana njaa. Kisha unaingiza mkono wenye dawa. Wasipouma ule mkono mtupu, jaribio limekufa, maana utajuaje kama ni dawa iliyowafukuza?

Sanduku likawekwa ukumbini mbele ya jopo, Mama Mbu akaingiza mkono mtupu. Tukasubiri. Mbu wakatua kwenye wavu, wakatua pembeni, wakajisugua miguu. Mkononi hakutua hata mmoja. Mjumbe mmoja, mzee wa suti ya kijivu, akaanza kufunga mkoba wake.

Ndipo nikasikia harufu tamu ya maua ikitoka kwenye kifundo cha mkono wake. Nikamtazama, naye akanitazama, nikajua amekumbuka. Mwanamke huyu aliyenifukuza kwa kipande cha sabuni!

Angeweza kusema mbu wameshiba, na nani angewahoji? Badala yake akautoa mkono.

"Jaribio hili ni batili," alisema. "Nimejipaka marashi. Naomba mkono wa mtu mwingine."

Mikono ya jopo zima ikaingia mifukoni. Yangu ilikuwa na dawa tangu asubuhi, tulipokuwa tukijiandaa. Aliyeinuka kutoka safu ya mbele ni Mtu wa Takwimu, yule kaka wa ofisi ya mbele ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kuvuka mlango wa chumba cha mbu. Majibu yetu huyapokelea kwenye korido. Anaogopa mbu kama mtoto anavyoogopa sindano. Akakunja shati, akafumba macho, akaingiza mkono.

Wakamvamia.

"Wako wangapi?" akauliza, macho bado kayafumba.

"Leo usihesabu," Mama Mbu akamwambia, kwa sauti ambayo sisi wenzake hatukuwahi kupewa. Kisha akampaka dawa mkono wa pili, taratibu kuliko ilivyohitajika. Ukaingia sandukuni, ukakaa, ukatoka bila alama hata moja.

"Dawa iende majumbani," akasema Mama Mwenyekiti wa jopo. Nilipiga makofi peke yangu kwanza, wengine wakafuata. Nilikuwa na furaha ya kulia.

"Lakini, Daktari," Mama Mwenyekiti akaendelea, "utaratibu wetu unaujua. Jaribio likiharibika, chanzo cha kosa kinatajwa mbele ya jopo. Marashi yalikuwa ya nini?"

Ningekuwa mimi ningezimia. Mama Mbu akasimama wima.

"Yalikuwa kwa ajili ya huyu bwana," alisema, akamwonyesha kwa kidole. "Nilijua leo atakaa safu ya mbele. Nilitaka ninukie vizuri."

Mtu wa Takwimu alikuwa akijikuna mkono uliojaa vipele. Akaacha kujikuna, akakohoa kidogo.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "naomba iandikwe kwamba yule ambaye marashi yalipakwa kwa ajili yake hana pingamizi."

Mama Mwenyekiti akamwambia katibu aandike, na Mama Mbu akacheka pale pale mbele ya jopo, kicheko cha mtu aliyeshinda mara mbili.