Ukumbi Usiobomolewa

Huku kwetu milimani, juu ya Mbeya, ambako umande wa Juni unaganda na kuunguza majani ya viazi, banda la msiba halikai. Wanaume wanachimbia miti, wanafunga turubai, watu wanalala hapo. Matanga yakiisha, kila mti unarudi kwa mwenyewe na kila mtu kwao. Nimezika wengi kutoka kwenye mabanda hayo, na majina yao yote ninayo, halijanitoka hata moja.

Ndiyo maana kitinda mimba wangu aliponiambia amepata kazi ya kujenga ukumbi wa michezo ya barafu, huko Ulaya alikosomea, sikuogopa. Michezo ina mwisho. Watabomoa, atarudi. Mwenyewe alisema, "Ikiisha tu, mama, nakuja."

Mke mwenzangu, maana marehemu alituoa wawili na ujane ukatukuta siku moja, alikuwa akicheka.

"Sasa hao watu wanalipa nauli ili wakateleze?"

"Ndiyo."

"Si waje hapa Machi, kwenye tope la njia ya kisimani! Watateleza mpaka meno yatoke, tena bure."

Wanawe wako mjini, wanamjia kila Jumapili. Kucheka kunamwia rahisi.

Michezo ilipoisha, binti yangu alipiga simu ya video. Nilijifunga kitenge kipya, utadhani anaingia mlangoni. Akanionyesha ukumbi, mbao tupu mpaka darini, barafu wameshaiyeyusha.

"Mmeanza kubomoa?" nikauliza.

"Viti vya juu tu, mama. Tuliviazima, vinarudi kwa wenyewe."

"Kama miti yetu ya msibani."

Akacheka. "Hivyohivyo. Lakini ukumbi unabaki. Tulipanga kabla hata ya kuchimba msingi. Asubuhi watoto wa shule watacheza humo, Jumamosi utakuwa soko. Kuna miji ilijenga, wageni wakaondoka, yakabaki magofu. Sisi tulikataa."

Nikauliza kama ambavyo ningeuliza juu ya nyumba yoyote, "Na nani atautunza?"

Akashika nguzo ya mbao iliyokuwa kando yake.

"Wameniomba mimi, mama."

"Mpaka lini?"

"Kazi ya kutunza haina mwisho, mama. Nimewaambia nauliza kwanza nyumbani. Ukisema nirudi, narudi."

Mke mwenzangu, aliyekaa kando yangu, akanifinya pajani. "Mwambie miguu inakuuma," akaninong'oneza. Na kweli ilikuwa inauma.

Nikautazama ule ukumbi nyuma ya kichwa chake. Nilitamani waubomoe, wasiache hata msumari, Mungu anisamehe. Lakini niliona pia alivyokuwa akiishika ile nguzo wakati anaongea, kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto wake.

"Kubali," nikasema. "Umeujenga wewe, usimwachie mtu asiyeujua."

"Ndaga, mama," akasema, ile asante yetu ya nyumbani.

Mke mwenzangu akauondoa mkono pajani mwangu, akaenda zake.

Kesho yake nilifukua viazi vyekundu nilivyokuwa nimevichelewesha ardhini nikimngoja binti yangu, maana ndivyo anavyopenda. Vingine vilishaanza kuota. Mchuuzi akajaza magunia yake, akaondoka. Vile vilivyokatwa na jembe, visivyo na mnunuzi, nikavichemsha jioni na chumvi. Vilinitosha.